Mlango wa Libuyu Unarudi Kisiwani

Keshero, mchana, siku moja kabla ya boti

Kahindo mwanangu,

Nimekaa uani kwenye kiti changu, daftari liko gotini. Ukipita unadhani nasahihisha kitu, kama zamani nilipokuwa mwalimu. Lakini huna hata muda wa kunitazama, maana unagombana na Fundi Kasereka. Amebandua mbao tatu za chumba cha nyuma kabla hujaziandika namba, na sasa hakuna ajuaye upi ulikuwa juu na upi chini.

“Papa Fundi, nilikuambia: rangi kwanza, nyundo nyuma!”

“Mama Muganga, mbao haina kichwa wala miguu. Ikikatala kuingia, tutaigeuza.”

“Na wewe nitakugeuza!”

Amecheka mpaka misumari ikamtoka mdomoni. Nami nimecheka. Kifua kikaniuma, nikaendelea kucheka.

Majirani wanaopita njiani wananipa pole. “Pole Muzee, nyumba inaenda.” Wanafikiri ninaomboleza. Kumbe moyo unaniruka kama wa mtoto anayesubiri kutajiwa matokeo ya darasa. Nyumba ya mbao ya hapa kwetu haifi, inahama. Kesho asubuhi, ziwa likiwa bado limetulia, itapanda boti: kuta, manjanja, yaani mabati ya paa, madirisha mawili, mifuko ya simenti, kitanda chako, na ule mzani wa kupimia watoto wachanga uliouviringisha ndani ya blanketi kana kwamba nao ni mtoto mchanga. Jioni vitakuwa Idjwi, juu ya kiwanja chako, hatua chache kutoka kituo cha afya ambako watakuita mkunga. Nikiliwaza hilo nasahau kwamba daktari amenikataza hata kupanda ngazi.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuchemsha maji. Una miaka thelathini na zaidi, na mambo hayo wewe ndiye unawafundisha watu. Kaka yako naye amekwisha kukuambia mara saba kwamba simenti isikae chini ya boti, maji ya chini huigeuza jiwe kabla ya kufika. Mimi nakuandikia makosa yangu. Nitaanza na madogo, kwa sababu mkono unaogopa lile kubwa.

La kwanza ni la mkaa. Unajua kwamba nyumba hii ilikwisha kwenda Idjwi na kurudi. Ulikuwa bado unanyonya. Vita ilikuwa inashuka kutoka kaskazini, na watu walisema wanajeshi wakipita hawaachi hata bati moja juu ya nyumba. Nikaamua kuibomoa mwenyewe kabla ya kubomolewa. Nikaandika namba kwenye mbao kwa mkaa wa jikoni. Kwa mkaa, Kahindo! Mwalimu mzima, mwenye diploma ukutani. Mvua ilitunyeshea, mawimbi yakaturushia maji, na tulipofika kisiwani kila ubao ulikuwa na doa jeusi tu. Nikajenga kwa kubahatisha. Dirisha la sebuleni likaangukia usawa wa magoti. Mama yako alilitazama kwa muda mrefu, akasema: “Mwalimu amejengea kuku dirisha.” Wenyeji walikuja kutoka mlima wa pili kuliangalia. Ndiyo sababu nilikununulia ile rangi nyekundu ya mafuta, na ndiyo sababu nafurahi ukimkaripia Kasereka.

La pili ni la nguzo. Sisi watu wa Goma tunaishi juu ya jiwe la volkano. Hapa huchimbi shimo, nguzo unaisimamisha juu ya jiwe na nyumba inakaa miaka. Nilipofika kisiwani nikakuta udongo, mwekundu, laini, unaoingiwa na jembe kama mkate. Nilifurahi kupita kiasi. Nilichimba mashimo marefu, nikazamisha nguzo zangu humo, nikawaambia watu sasa hii ni nyumba yenye mizizi. Mtu aliyezaliwa juu ya jiwe hajui kwamba udongo una meno. Mwaka haukuisha, mchwa walikuwa wamezila nguzo zote kwa ndani, na siku moja mama yako aliegemea ukuta, ukuta ukaondoka naye.

Basi yale mawe kumi na mawili meusi yaliyopangwa karibu na lango si wazimu wa mzee. Mengine ya hapo kisiwani utayakuta, lakini ni ya kuvunjwa na kubebwa kutoka mbali. Haya ni bapa na mepesi. Kila nguzo isimame juu ya jiwe lake, isiguse udongo. Asubuhi nilimwonyesha Kasereka, akashika kiuno.

“Muzee, tunapeleka mawe kwenye kisiwa? Kesho kutwa tutapeleka na maji?”

Mwache acheke. Wewe ukifika, mkumbushe.

Nimepumzika kidogo. Umeniletea chai, ukauliza, “Papa, unaandika kitabu?” Nikasema ndiyo. Samahani. Hata leo, hata kwa jambo dogo la chai, mdomo wangu unakimbilia uongo kwanza. Ndiyo sababu nakuandikia badala ya kukuambia. Mdomo wangu umezoea kujitetea. Kalamu ikidanganya, naiona, na naweza kuikata kwa mstari.

Sasa wamefika kwenye mlango.

Unaujua huo mlango kuliko mtu yeyote. Ulipimia urefu wako juu yake kwa kisu, ukachapwa. Ni wa libuyu, ile mbao nyekundu nzito inayotoka misitu ya Beni. Baba yangu aliutuma kutoka Butembo juu ya lori la viazi nilipojenga, na pamoja nao maneno haya: “Mtu ni mlango wake.” Watu wanne wanahitajika kuubeba. Nyote mmekuwa mkisema: mlango wa Papa umekwenda kisiwani na kurudi, mchwa hawakuugusa, ukungu haukuugusa, ni mlango wa baraka. Mama yako aliupaka mafuta kila Noeli. Nami nilikuwa nakaa kimya.

Siku ile tulipokimbia, risasi zilisikika tangu alfajiri upande wa juu wa mji. Nilikuwa nimepanga boti tangu siku mbili. Mbao na manjanja vilikuwa vimekwisha kupakiwa. Mama yako alikaa mbele kabisa akikunyonyesha, kaka yako ameshika gauni lake, na nyuma yao nimepanga vitu mpaka juu, hata asiweze kuona ufuko. Jambo hilo lishike. Hakuona.

Mlango niliulaza katikati, mahali pekee palipobaki.

Ndipo shangazi yako Masika akaja akikimbia. Alikuwa mdogo wangu wa pekee, wa tumbo moja. Mume wake alikuwa Bunagana kwenye biashara na njia ilikuwa imefungwa, hatukumwona tena. Alimshika binti yake mkono, na mgongoni alimfunga mtoto wake wa miaka miwili, yule aliyempa jina langu la ubatizo, Anselmi. Tulikuwa tumepatana tangu juzi kwamba atapanda nasi. Mimi ndiye niliyemwambia aje.

Mwenye boti aliwatazama wale watatu, akatazama maji yalipofika kwenye ubavu wa boti. Akanyoosha kidole.

“Mwalimu, huu mulango unakula nafasi ya bantu batatu. Mulango ao dada yako. Chagua mbio, mi naondoka.”

Mwanangu, nimetafuta miaka yote hii neno la kunisaidia hapa. Kwamba nilichanganyikiwa. Kwamba risasi zilikuwa karibu. Zilikuwa karibu, ndiyo, lakini sikuchanganyikiwa. Niliwaza vizuri kabisa, kama ninavyowaza sasa. Nilikuwa nimewaona wakimbizi waliojaa kambi ya Mugunga, kila familia nyuma ya kipande cha plastiki, na nilikuwa nimejiambia: mkimbizi ni mtu asiye na mlango. Nikiwa na mlango wangu, mimi si mkimbizi, mimi ni mtu aliyehama. Niliogopa aibu hiyo kuliko nilivyoogopa kifo. Nikamwambia Masika: “Mdogo wangu, boti itarudi kesho. Usubiri hapa.”

Nilijua haitarudi. Mwenye boti alikuwa amekwisha kuniambia.

Masika hakulia wala hakunishika nguo. Aliutazama mlango. Halafu akasema, “Sawa, Yaya,” yaani kaka mkubwa, kama alivyozoea kuniita tangu utoto, akamgeuza binti yake, wakaifuata njia ya watu wote, kwa miguu, kuelekea Mugunga.

Tulipokuwa tumekwisha kutoka, mama yako akapiga kelele kutoka mbele: “Masika iko wapi? Tumungoje!” Alimpenda, unajua? Walisukana nywele kila Jumamosi. Angeligeuza boti kwa mikono yake. Nilihitaji neno moja la kumnyamazisha, nikalipata. Nikamwambia: “Amekatala. Amesema afadhali afie njiani kuliko kwenda kula ugali wa mkono wako.”

Aligeuza uso kwenye maji, na mgongo wake ulibaki hivyo mpaka Idjwi.

Anselmi alikufa Mugunga, kambini, kwa kuharisha, wiki ya tatu. Nilipata habari hiyo tuliporudi, baada ya mwaka mmoja na nusu, nami nimebeba mlango wangu.

Umeelewa sasa kwa nini katika nyumba yetu jina la shangazi yako lilitamkwa kama jina la ugonjwa. Masika aliporudi mjini, mama yako alikutana naye sokoni akageuza kichwa. Masika akafikiri: huyu ndiye aliyemwambia mume wake aniache. Wakapita hivyo, wanawake wawili waliopendana, kila mmoja akimchukia mwenzake kwa neno langu. Mama yako alizikwa na chuki hiyo. Masika alisimama nyuma kabisa kwenye mazishi, akaondoka kabla ya chakula, na ninyi watoto mkasema: tazama kiburi chake. Wiki mbili zilizopita nilipokuuliza kama Shangazi Masika, aliyebaki peke yake tangu binti yake aolewe Butembo, anaweza kwenda kukaa nawe kisiwani, ulinijibu: “Papa, ule mama alikatala boti yetu. Sasa njo atapanda yangu?”

Sikuweza kulala na jibu hilo. Si lako. Ni mimi niliyelitia mdomoni mwako ukiwa unanyonya.

Basi Jumanne ile, ulipokwenda kutafuta bashi la kufunika mizigo na mkanitafuta mpaka kwa padri, nilikuwa juu ya pikipiki. Ndiyo, mimi. Nilimwambia kijana aliyeiendesha aende polepole, akaniambia, “Muzee, nikienda polepole zaidi tutarudi nyuma.” Nilifika Mugunga nimekufa nusu. Masika anakaa katika vyumba viwili vya mbao, anauza maharage mlangoni. Mlangoni nasema, lakini ni pazia, Kahindo. Pazia la kitenge.

Aliniona nikishuka. Hakusimama.

“Yaya. Umekuja kununua maharage?”

“Nimekuja kuungama.”

“Padri iko kule juu, kwenye kanisa. Hapa tunapima maharage.”

Nikakaa juu ya gunia bila kukaribishwa. Nilipoanza habari ya mlango alinikata. “Ile najua. Nilikuwako.” Akaendelea kuchambua maharage. “Ule mulango nilikwisha kuusamehe. Niliusamehe mwaka Anselmi angetimiza miaka ya kuanza masomo, kama angekuwa hai. Nilichoka kuubeba, ni mzito.” Ndipo nikamwambia lile asilolijua, neno nililomwambia mama yako kwenye maji. Ugali wa mkono wako.

Maharage yalimtoka mikononi. Sijawahi kuona uso kama ule, nami nimeona vita.

“Mama Kahindo alikufa anafikiri mimi nilisema vile?”

“Ndiyo.”

“Na mimi nilipita mbele yake sokoni miaka yote, nangoja anisalimie!” Alisimama. “Toka, Yaya. Toka kwa nyumba yangu kabla nikupige na hii kopo, na wewe ni mugonjwa, watu watasema nimeua muzee.”

Nilitoka. Nilikaa kando ya barabara mpaka pikipiki ikarudi. Siku tatu sikula vizuri, mkadhani ni moyo. Ulikuwa moyo, lakini si ule anaoupima daktari.

Juzi Masika alikuja. Wewe ulikuwa bandarini. Alisimama hapo langoni, hakuingia kwanza, akayatazama mawe yangu kumi na mawili.

“Haya mawe ni ya nini?”

“Ya nguzo. Mchwa wa kisiwani.”

“Kumbe ulijifunza kitu kimoja.” Halafu akautazama mlango, ambao ulikuwa bado umesimama mahali pake. Aliukaribia, akaupapasa kwa kiganja, akapita vidole juu ya alama zako za kisu. Akauliza ni za nani. Nikasema ni za Kahindo, za urefu. Akaweka mkono chini ya alama zote, usawa wa mtoto wa miaka miwili, akauacha hapo.

Nilimwambia kwamba mlango hautakwenda. Nilikuwa nimepanga kuupasua kuni. Unajua alifanya nini? Alinicheka, cheko lake la utoto, lile ambalo sikulisikia tangu siku ya ufuko.

“Upasue libuyu ya Baba? Wewe kweli ulisomea nini? Mulango uende. Laza katikati ya boti, vile ulilazaka. Na mimi nitakaa juu yake mpaka Idjwi.”

Kisha akaweka sharti moja. Hataki mimi nimwombee kwako, hataki umhurumie. Anataka ujue kweli yote kabla boti haijaondoka, kutoka kwangu, siyo kutoka kwake. “Akisha kujua, akinipa mukono, napanda. Akikosa kunipa, narudi na maharage yangu. Lakini ajue kwanza.”

Ndiyo barua hii. Nimeichelewesha siku mbili, na sasa mmebakiza ukuta mmoja tu.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba usiniheshimu kwa yale ambayo sikuyafanya. Watu watakuambia kisiwani kwamba baba yako alikuwa mtu wa akili, aliyeokoa nyumba yake katika vita. Waambie aliokoa mlango. Na wewe utakapokuwa na nyumba yako, na siku moja kelele ikaanza tena upande wa kaskazini, maana katika nchi hii kelele haimalizi kuanza, utaona jinsi vitu vinavyoongea kwa sauti nzuri. Vitakuambia kwamba bila vyenyewe wewe si mtu. Niliviamini. Nilikuwa na mlango, na kwa miaka yote hii sikuwa na mtu wa kuniita Yaya.

Hata hivyo nakuambia kweli, nina furaha leo, mpaka naona haya. Nawaza mlango huo ukifunguliwa asubuhi juu ya ziwa. Nawaza mwanamke mwenye uchungu akigonga, na Masika akifungua akimtukana kwa upole kwa kuchelewa, wakati wewe unatafuta viatu vyako. Anajua kukanda mwili wa mzazi, alifundishwa na mama yetu. Anajua nyimbo za Butembo ambazo mimi nimezisahau nusu. Atakuonyesha mama yako alivyokuwa msichana, jambo ambalo mimi nilikunyima. Na usiku ule nilipokuwa nimelala kisiwani nyuma ya mlango wangu mzuri, nikisikiliza mchwa bila kujua ni mchwa, mtu angenieleza kwamba siku hii ingefika, nisingeamini.

Kasereka ananiita. “Muzee, mulango umetoka! Unakuja kuangalia ao unaandika tu?” Nakwenda kuangalia. Nikirudi nitaikunja karatasi na kukupa mkononi, kabla ya chakula, ili uwe na muda.

Usije usiku kunijibu kwa kaka yako, ambako nitalala. Kesho watanibeba na kiti changu mpaka ufukoni, kaka yako amekubali. Shangazi yako atakuja na mfuko mmoja na gunia la maharage ya mbegu. Mimi nitakuwa natazama mkono wako tu. Ukiunyoosha, nitaona, na nitajua umesoma mpaka hapa. Usiponyoosha, nitajua pia, na kosa halitakuwa lako.

Lakini kama utaunyoosha, mwambie Kasereka asipakie kitu kingine mpaka shangazi yako awe amekaa vizuri katikati, juu ya libuyu, amejifunika, miguu mahali pakavu. Simenti isubiri. Manjanja yasubiri. Hata mawe yangu. Kama nafasi itakwisha, yaacheni hapo ufukoni, nitayatazama.

Mtu kwanza, mbao nyuma.

Baba yako,
Anselmi